Siyu, mji wa wanakili ambao tarihi yake imeandikwa na wengine

Katika Ngome ya Yesu pale Mombasa, juu ya lango, kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe. Watalii huyapiga picha wakapita zao. Maandishi yenyewe ni majigambo ya kapiteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome hiyo mwaka wa 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anawataja wafalme aliowatoza kodi, anawataja wakubwa wa Pemba aliowaua, kisha anajisifu kwamba yeye mwenyewe aliiadhibu miji miwili ya kisiwa cha Pate hata akazibomoa kuta zake. Mji wa kwanza ni Pate. Wa pili ameuandika 'Sio'. Huo ndio mji wa Siyu.

Sasa jiulize, msomaji. Mji mdogo namna gani huu, ulio mbali kiasi kile, hata mkuu wa ngome ya Mombasa auone kuubomolea ukuta ni jambo la kuchonga kwenye jiwe? Adhabu yenyewe ilitokana na maasi ya 1631, Yusuf bin Hasan alipomuua kapiteni wa Kireno na kuitwaa ngome ya Mombasa, nayo miji ya pwani ikapata ujasiri wa kukataa kulipa kodi. Siyu ilikuwa miongoni mwa waliokataa. Ikaadhibiwa. Lakini tunayajua hayo kwa kinywa cha nani? Cha aliyeadhibu. Ninaomba tulishike hilo, kwa sababu kila nilipoifuatilia historia ya mji huu nimekutana na hali hiyo hiyo.

Siyu iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Siku hizi msafiri hupanda boti Lamu hadi Mtangawanda, halafu anamalizia safari nchi kavu. Zamani watu waliingia kwa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na mkono huo haupitiki ila maji yanapojaa. Maji yakitoka, chombo kinalala kwenye tope. Tusiuchukulie mkono huo kama mandhari tu. Ndio uliowalinda Wasiyu kwa muda mrefu kuliko ukuta wowote, na ndio uliowafanya wafanyabiashara wenye merikebu kubwa wapende kwenda kutia nanga kwingine.

Mwaka wa 1606 mtawa wa Kireno, Gaspar de São Bernardino, alipita kisiwani humo akaandika kwamba Siyu ndio mji mkubwa kuliko yote katika kisiwa hicho. Hebu tazama ramani zetu za leo. Pate unaujua kwa sababu ya masultani wake. Faza unaijua kwa sababu ndiko kwenye ofisi za serikali. Siyu je? Ukiwauliza wanafunzi wa Kiswahili katika shule zetu za upili, wengi watakwambia hawajawahi kulisikia jina hilo, na hali wamesoma kazi zinazouhusu bila ya kujua.

Nianze na lile linalopendwa na magazeti, ili tulimalize. Kuna simulizi kwamba baadhi ya watu wa Siyu, hasa wa ukoo wa Wafamau, ni wazao wa mabaharia wa China ambao chombo chao kilivunjika katika bahari hiyo zama za safari za Zheng He, yaani kati ya 1405 na 1433. Mnamo 2005 habari hizi zilivuma sana baada ya msichana wa kisiwa hicho kupewa ufadhili wa kwenda kusoma China. Basi wapenzi wa maneno wakaingilia: eti magofu ya Shanga, yaliyo upande wa pili wa kisiwa, yamepata jina kutokana na Shanghai! Kwa mtindo huo huo mtu angeweza kusema kwamba Wafamau ni 'wafa-mai', waliokufa maji, kwa kuwa watu wa kaskazini huyaita maji 'mai'. Inapendeza masikioni. Lakini mau si mai, na mwanaisimu hawezi kujenga ukoo juu ya irabu aliyoibadilisha mwenyewe.

Tena magofu ya Shanga yamechimbwa. Mwanaakiolojia Mark Horton alifanya kazi pale katika miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti mkuu misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine. Wa zamani kabisa ni wa karne ya 8, mdogo, wa miti. Baadaye wakajenga kwa mawe. Zikapatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapo hapo. Maana yake nini? Maana yake watu wa Shanga walikuwa na mji na msikiti miaka mia sita na zaidi kabla ya Zheng He kuondoka kwao. Mji huo ukahamwa mapema katika karne ya 15, na mapokeo ya kisiwani yanasema baadhi ya watu wake walihamia Siyu. Vyombo vya kauri vya China vimejaa katika magofu yetu yote ya pwani, ndiyo, lakini bakuli ni ushahidi wa biashara. Mimi nina simu iliyotengenezwa China na sijawahi kudai kwamba babu yangu alitoka Guangdong.

Sisemi kwamba hakuna damu ya ng'ambo. Utafiti wa chembechembe za urithi uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature, uliochunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa katika pwani yetu, wakiwamo wa Faza kisiwani humo humo, ulionyesha mchanganyiko wa Waafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na Waasia, wengi wao wanaume wenye asili ya Uajemi, ulioanza karibu mwaka wa 1000. Wapwani wenyewe hawajaacha kulisema hilo. Ninachokataa ni ule mwendo wa kutafuta mgeni kila panapoonekana jiwe limekaa juu ya jiwe.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe.

Siyu ulikuwa mji wa mafundi. Walisifika kwa kazi ya ngozi, viatu hasa, kwa ufumaji, kwa useremala wa viti na milango, kwa ufuaji wa fedha na dhahabu. Lakini kazi iliyoutofautisha na miji mingine ni kunakili vitabu. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono Siyu katika karne ya 18 na ya 19 inajulikana na wataalamu kwa hati yake, kwa mapambo ya kingo za kurasa, kwa wino mweusi na mwekundu uliopangwa kwa utaratibu wao maalumu. Msomi Zulfikar Hirji ameandika juu ya baadhi yake, na mojawapo imefika mbali sana, katika Makavazi ya Fowler kule Los Angeles. Karatasi ziliagizwa kutoka Ulaya, zikaja kwa meli na kupitia mikono mingi. Zilizosalia zote, hati na mapambo na ngozi ya jalada, zilikuwa kazi ya mafundi wa mjini.

Fikiria inavyochukua muda. Hakuna mashine. Mtu ameketi na kalamu ya mwanzi, anaandika neno kwa neno kitabu ambacho hakuna ruhusa ya kukosea hata herufi. Kuna anayepiga mistari, kuna anayetia rangi, kuna anayeshona juzuu, kuna anayekata ngozi. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kijijini kwenye mtu mmoja anayejua kusoma. Inahitaji mji wenye walimu, wanafunzi, wanunuzi, na watu wenye nafasi ya kukaa kivulini wakiandika huku wengine wakilima. Na hapo tuseme ukweli wote: waliolima mashamba ya waungwana wa kisiwani na ya bara ya pili yake walikuwa watumwa. Uzuri wa ile misahafu ulilipiwa kwa jasho la watu ambao majina yao hayamo katika ukurasa wowote. Mwanahistoria anayeisifu Siyu akaliruka hilo anaisifu nusu.

Na kuna ushahidi mwingine wa ulimwengu ule wa vitabu ambao tunao vinywani kila siku. Neno 'chuo'. Leo chuo ni mahali: chuo kikuu, chuo cha ualimu. Kwa watu wa Pate na Siyu wa zamani, chuo kilikuwa kitabu. Ndiyo sababu ule utenzi mkongwe uliotungwa Pate mwaka wa 1728, tunaouita Utenzi wa Tambuka, unaitwa pia Chuo cha Herekali. Ndiyo sababu mtaalamu wa dini ni mwanachuoni hata kama hajawahi kuajiriwa na chuo chochote. Maana ilitoka kwenye kitabu ikahamia kwenye nyumba kinamosomewa kitabu. Mimi ninaona ni kisa cha kufaa sana kwa lugha ambayo bado kuna wanaoamini kwamba ilifundishwa kuandikwa na wamishonari.

Sasa jambo la ajabu ni hili. Mji ulioandika kiasi hicho hauna tarihi yake yenyewe iliyofikia umaarufu wa Habari za Pate. Ile tarihi ya Pate, iliyosimuliwa na kunakiliwa mara nyingi na kuchapishwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, ni tarihi ya ukoo wa Wanabhani, masultani wa Pate. Ndani yake Siyu inaonekana kama jirani mkorofi: inaasi, inaadhibiwa, inapatana, inaasi tena. Kwa upande wa Zanzibar, Siyu ni tatizo la kijeshi. Kwa Wareno ni ukuta uliobomolewa. Wasiyu walikuwa wakinakili neno la Mungu, wenzao wakawa wanaandika habari zao.

Tuichukue karne ya 19, maana ndiyo yenye mengi. Baada ya vita vya Shela, karibu 1812 au 1813, ambapo Waamu waliwashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa waliokuwa wamewasaidia, Lamu ilijiweka chini ya Sayyid Said wa Omani. Toka hapo mkono wa Sayyid Said ukawa unanyoshwa kwenye kisiwa cha Pate. Mji wa Pate wenyewe ulikuwa umeshachoka kwa ugomvi wa ndani. Aliyemzuia ni mtu wa Siyu: Bwana Mataka, shehe wa mji huo. Sayyid Said, ambaye kufikia wakati huo alikuwa na manowari na amekwisha kuitia Mombasa mkononi mwaka wa 1837, alipeleka majeshi Siyu katika miaka ya 1840. Akashindwa. Amiri wake, Hamad, aliuawa huko. Jeshi la dola iliyotawala bandari za pwani hii likarudi bila mkuu wake, kwa sababu ya mji ambao meli kubwa haiwezi kuufikia na mikoko inaficha watu wasioonekana mpaka wamekukaribia.

Sayyid Said alikufa 1856 bila ya kuipata Siyu kwa namna aliyoitaka. Ulipoanguka, ilikuwa mwaka wa 1863, zama za mwanawe Sayyid Majid. Muhammad, mwana wa Bwana Mataka, alikamatwa akapelekwa Mombasa kufungwa ngomeni. Ngome ile ile yenye lile jiwe la Mreno.

Hapa ndipo ninapotaka walimu wa fasihi wanisikilize. Utenzi wa Mwana Kupona tumeufundisha vizazi kwa vizazi. Kila mwaka mjadala ni ule ule: je, Mwana Kupona anamfunza binti yake utumwa wa ndoa, ama kuna kejeli iliyofichwa? Wengine wanamkemea, wengine, kama Ann Biersteker alivyofanya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanatuhimiza tuusome upya kwa kuzingatia lugha na mamlaka. Sawa. Lakini ni mara ngapi darasani pametajwa kwamba Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu? Kwamba mume anayezungumziwa utenzini alikuwa mtu ambaye Zanzibar ilimtumia majeshi?

Tazama tarehe. Utenzi ulitungwa 1858. Mtunzi ni mjane, ni mgonjwa, na binti yake, Mwana Hashima, bado mdogo. Sayyid Said amekufa miaka miwili nyuma, mwanawe ameketi kitini Zanzibar, na miaka mitano baadaye Siyu itakuwa imekwisha. Mama katika hali hiyo anapomwambia mwanawe namna ya kukaa na watu, namna ya kuwa na adabu mbele ya wakubwa na kujiepusha na ubaya, je, anazungumzia jikoni na chumbani tu? Mimi nadhani tunausoma kana kwamba umetungwa mahali pasipo na jina. Binti wa nyumba ya Mataka alikuwa na sababu kubwa kuliko wasichana wengine ya kufunzwa namna ya kusalimika. Anayetaka kunipinga anipinge, ila aanze na Siyu. Naye Mwana Hashima aliishi hadi karne ya 20, na mwaka wa 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapisha utenzi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tangu hapo ukasafiri. Siyu ikabaki.

Ngome ya Siyu nayo ina mzozo wake. Iko penye ule mkono wa bahari, ya mawe ya matumbawe, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yameifanyia ukarabati. Nani aliijenga? Wapo waliosema ni Waomani, kwa kuwa ngome ni kitu cha Waomani. Makavazi yenyewe yanaieleza kuwa ni kazi ya wenyeji, waliotaka kujilinda dhidi ya hao hao Waomani. Mimi naelekea huku kwa sababu moja rahisi: mji ulioweza kuyarudisha majeshi ya Sayyid Said ulikuwa na uwezo wa kupanga mawe, na mafundi hawakukosekana. Hata kama baada ya 1863 watu wa Zanzibar walitia mikono yao humo, hilo halibadilishi nani alikuwa na haja ya ngome kwanza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Biashara na utawala vikakusanyika Lamu. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907, mashamba yale yakakosa watu wa kuyalima kwa lazima, na waungwana wengi wakashindwa kuendesha maisha ya zamani. Misahafu ya kupigwa chapa ikaingia kwa bei ya chini. Vijana wakahamia Lamu, Malindi na Mombasa.

Na lugha? Kisiyu ni ndugu wa Kipate na Kiamu, katika kundi la lahaja za kaskazini ambako kichwa ni 'kitwa', macho ni 'mato', njia ni 'ndia', moja ni 'moya', na mji ni 'mui'. Jina lenyewe la Mtangawanda, pale boti zinapofikia, limehifadhi 'mtanga', ndio mchanga wetu. Wajumbe walipokutana Mombasa mwaka wa 1928 kuamua lahaja ya kusanifishwa, ushindani uliosikika ulikuwa wa Kiunguja na Kimvita. Kiunguja kikashinda. Lahaja za kaskazini, zilizobeba tenzi kongwe tulizo nazo, hazikuwa na bandari kubwa ya kuzitetea, wala shule, wala gavana. Sina chuki na usanifishaji, maana ndio unaoniwezesha kukuandikia wewe wa Kitale na yule wa Kigoma kwa pamoja. Ila matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anakutana na 'mato' katika utenzi akadhani ni ushairi umeruhusu kukosea.

Kazi iliyobaki inafanyika, nayo si ngumu kiasi hicho. Katika baadhi ya misahafu ile, mnakili alipomaliza ukurasa wa mwisho aliongeza mistari michache yake mwenyewe: jina lake, la baba yake, tarehe ya kukamilisha, na mji. Hayo ndiyo maneno ya Wasiyu kuhusu Wasiyu, yasiyopitia kwa kapiteni wala sultani. Tatizo ni kwamba wanafunzi wetu wengi wa Kiswahili hupata shahada bila ya kufundishwa kusoma hati ya Kiarabu, hati ambayo Kiswahili kiliandikwa kwayo kwa karne nyingi. Watoto wa madrasa wa Siyu yenyewe wanaijua kabla hawajafika darasa la nne.